Vumbi jekundu la dirishani: limetoka jangwani au shamba la nyuma ya nyumba?

Swali lenyewe nalifupisha hivi. Baada ya dhoruba ya vumbi ya siku mbili, msomaji mmoja alifuta kingo za madirisha akapata vumbi jekundu, laini kama unga, kiasi cha kijiko kikubwa hivi, akalitia kwenye kikopo. Kwenye habari walisema limetoka jangwani, kilomita elfu kadhaa huko. Shemeji yake anacheka, anasema hilo ni vumbi la shamba lililolimwa nyuma ya nyumba na hakuna cha jangwa wala nini. Sasa anauliza: kuna kipimo cha maabara kinachoweza kusema vumbi hili limetoka mahali fulani, na wanajuaje?

Ndugu yangu, kwanza umefanya la maana kulitunza, wengi wanalimwagia maji halafu ndo wanaanza kuuliza maswali. Kipimo kipo, tena vipo vingi. Ila niseme mapema kitu ambacho kinawachanganya sana watu: wengi wanadhani ni kama DNA, unaingiza vumbi kwenye mashine inatoka karatasi imeandikwa jina la jangwa. Hakuna kitu kama hicho. Vumbi halina anwani. Kinachofanyika ni kama kesi ya wizi yenye washukiwa watano, unawatoa mmoja mmoja, yule siku hiyo hakuwepo, huyu kiatu hakimwingii, mpaka wanabaki wawili au mmoja, na kama mwizi mwenyewe hukumweka kwenye orodha tangu mwanzo basi utamfunga asiye na hatia huku una vipimo safi kabisa mkononi. Kwahiyo maabara ina uhakika zaidi inapokwambia vumbi HALIKUTOKA wapi kuliko inapokwambia lilitoka wapi. Ukilishika hilo mengine yote yatakaa sawa.

Tuanze na rangi maana hiyo hata bila maabara unaiona. Kule Marekani miaka ya 1930, wakati udongo wa mashamba ya nyanda za kati ulipokuwa unapeperushwa, watu walikuwa wanasoma dhoruba kwa rangi, jeusi limetoka Kansas, jekundu Oklahoma, la kijivu Colorado na New Mexico. Na hawakuwa wajinga, mtu aliyelima udongo wake miaka ishirini anaujua. Lakini rangi ina ujanja wake. Wekundu ni kutu, yaani oksaidi za chuma kama hematiti, na kutu hiyo inakaa juu ya chembe kama rangi iliyopakwa ukutani, asilimia chache tu inatosha kulifanya vumbi zima liwe jekundu. Kwahiyo majangwa mawili tofauti kabisa yanaweza kutoa vumbi la rangi moja, na jangwa moja likatoa vumbi jekundu upande huu na jeupe upande ule. Rangi inakupa pa kuanzia tu, usiiweke kizimbani kama shahidi mkuu.

Ukiingia maabara cha kwanza ni kuhesabu elementi. Wanapiga sampuli kwa eksirei au wanaiyeyusha kwa asidi kali wanapima kilichomo. Hapa mgeni anavunjika moyo, maana udongo wa dunia nzima unafanana mno: ukoko wa juu wa mabara una alumini kama asilimia 8, chuma kama 4, na silika, ile ya mchanga na kioo, ndo imejaa kila mahali. Ukiniambia vumbi lako lina alumini asilimia 8 umeniambia ni udongo, basi. Ndo maana hatuangalii kiasi, tunaangalia uwiano: kalsiamu kwa alumini, chuma kwa alumini, potasiamu kwa alumini. Alumini inawekwa chini ya mstari kwa sababu ni tulivu, haiyeyuki ovyo kwenye mvua. Eneo lenye mawe ya chokaa mengi linatoa vumbi lenye kalsiamu juu. Eneo la kitropiki ambalo udongo wake umeoshwa na mvua mamilioni ya miaka linakuwa na kalsiamu na potasiamu kidogo, na chuma kingi. Tayari hapo unaweza kuwatoa washukiwa wawili.

Maziwa yaliyokauka ndo rahisi kuliko wote, hao wanajitangaza wenyewe. Ziwa Owens kule California, maji ya mto wake yalianza kupelekwa Los Angeles mwaka 1913, ziwa likakauka, na vumbi la kitanda chake limejaa chumvi za sodiamu na salfeti, hadi arseniki imo. Bahari ya Aral nayo, baada ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960, ikaacha jangwa jipya la chumvi. Kulitambua vumbi la namna hiyo hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Tatizo ni kwamba chumvi inayeyuka, likipita kwenye mvua njiani au ukilikusanya mahali palipolowa, ushahidi umeenda na maji.

Sasa hapa kuna jambo naomba ulisome taratibu, kwa sababu ndo linaua tafiti nyingi. Upepo hausafirishi udongo kama ulivyo, upepo unapepeta. Umeshaona mtu anapepeta kwa ungo, pumba zinaruka mbele, nafaka zinabaki, chenga zinakusanyika pembeni. Dhoruba inafanya hivohivo kwa kilomita elfu. Chembe kubwa za kwatzi, yaani silika tupu ya mchanga wa kawaida, zinadondoka karibu, madini mazito kama zirkoni yanabaki nyuma, na zile za udongo wa mfinyanzi ambazo ni ndogo mno ndo zinaenda mbali. Kwahiyo vumbi likifika dirishani kwako kemia yake si ile ya udongo lilikotoka, silika imepungua, alumini imepanda, chuma mara nyingi kimepanda pia. Mtu akichota udongo jangwani kwa koleo, akausaga wote, akaupima, halafu akalinganisha na vumbi lako, atakwambia havifanani na atakuwa amekosea. Inabidi ule udongo wa jangwani uchekechwe kwanza, ubakize chembe za ukubwa uleule wa vumbi, mfano chini ya maikromita 20 au hata 10 (unywele wa mtu ni kama 70), ndo ulinganishe. Nikisoma ripoti yoyote ya asili ya vumbi, kitu cha kwanza natafuta ni walichekecha kwa saizi gani, kama hawajasema nafunga ukurasa.

Na kwa sababu elementi zinachezewa na upepo na mvua, watu wakatafuta alama ambayo haichezewi kirahisi, ndo tukafika kwenye isotopu. Isotopu ni atomu za elementi moja zilizotofautiana uzito, kama mapacha, sura moja ila mmoja kashiba zaidi. Chukua strontiamu. Kuna strontiamu-86 ambayo kiasi chake hakibadiliki, na strontiamu-87 ambayo inaongezeka polepole kwa sababu rubidiamu-87 inaoza na kugeuka kuwa hiyo. Polepole kiasi gani? Nusu ya rubidiamu inachukua karibu miaka bilioni 49, wakati ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8 tu. Lakini miamba haina haraka. Mwamba mkongwe wa aina ya graniti, uliozaliwa na rubidiamu nyingi, leo uwiano wake wa 87 kwa 86 unaweza kuwa 0.72 na kuendelea, wakati lava changa ya chini ya bahari iko kwenye 0.703. Unaona tofauti ilivyo ndogo, na kati ya jangwa na jangwa inakuwa ndogo zaidi, tarakimu ya tatu baada ya nukta, ila mashine zinasoma mpaka tarakimu ya tano bila wasiwasi.

Mwenzake ni neodimiamu. Isotopu yake ya 143 inatokana na samariamu-147, nusu yake miaka kama bilioni 106. Uzuri wa neodimiamu ni kwamba baba na mtoto wanafanana tabia, wote ni wa kundi lilelile la metali adimu za ardhini, kwahiyo maji, joto, kumomonyoka, kusagika, haviwatenganishi. Strontiamu ni mdanganyifu kidogo, chembe ndogo huwa na uwiano mkubwa kuliko chembe kubwa za udongo uleule, na chokaa ikiwemo inauvuta kuelekea kwake, ndo maana watu wengi wanaosha sampuli kwa asidi ya siki kwanza kuitoa chokaa. Neodimiamu haitikisiki hivo, chembe kubwa, chembe ndogo, jibu karibu lilelile. Mimi nikiambiwa nichague kipimo kimoja tu pesa imeisha, nachukua neodimiamu bila kufikiria mara mbili. Namba yake inaandikwa kwa kipimo kinaitwa epsiloni, volkano changa ziko upande wa chanya, ukoko mkongwe wa mabara uko hasi, hasi 10, hasi 15, hata hasi 20 na zaidi.

Kazi yake tamu niliyoipenda kuliko zote ni ya barafu ya ncha ya kusini. Barafu ya Antaktika ya ndani kabisa, ukiichimba, ina vumbi kidogokidogo lililoanguka na theluji, na ile ya enzi ya barafu ina vumbi kama mara 25 ya la siku hizi. Limetoka wapi? Washukiwa walikuwa Australia, kusini mwa Afrika, na Amerika ya Kusini, na ukiangalia ramani tu kila mmoja anaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapima strontiamu na neodimiamu kwenye lile vumbi, ambalo kwa kipande kizima cha barafu unapata chembe za kukaa kwenye ncha ya kisu, wakalinganisha na udongo uliochekechwa. Australia ikatoka, kusini mwa Afrika ikatoka. Lililobaki ni vumbi lenye damu ya volkano changa ndani yake, epsiloni yake haishuki sana chini ya sifuri, na hiyo ndo sura ya Patagonia, kusini mwa Argentina. Hakuna aliyeliona vumbi lile likiruka, ni miaka elfu ishirini na zaidi iliyopita.

Greenland ilikuwa kichekesho zaidi. Barafu ya huko ya miaka kama 23,000 hadi 26,000 iliyopita, mtu angesema vumbi limetoka katikati ya Marekani maana ni hapo jirani, au Sahara. Kwanza wakaangalia madini ya mfinyanzi, kiasi cha kaolinaiti kwa kloraiti, maana kaolinaiti inazaliwa kwenye joto na mvua nyingi na kloraiti inadumu kwenye baridi, Sahara ikaanza kuyumba hapohapo. Halafu isotopu za strontiamu, neodimiamu na risasi zikamaliza kazi: Asia ya mashariki, majangwa ya kaskazini mwa China na Mongolia. Yaani vumbi limevuka bahari ya Pasifiki nzima, likavuka na bara la Amerika Kaskazini, likaanguka Greenland, na aliyekuwa jirani hakuwa na kosa. Kwahiyo shemeji wako akikwambia "haiwezekani litoke mbali hivyo", inawezekana. Na akikwambia "jirani lazima ndiye", si lazima.

Hawaii pia lazima niitaje maana ni mfano ambao hata mtoto anauelewa. Visiwa vile ni lava tupu, basalti, na basalti ya namna ile haina kwatzi. Sasa mbona udongo wa Hawaii una kwatzi? Tena iko nyingi zaidi sehemu zenye mvua nyingi, na chembe zake ni ndogondogo, maikromita 1 mpaka 10. Watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 wakapima isotopu za oksijeni ndani ya zile chembe zikafanana na kwatzi ya vumbi la Asia iliyolala chini ya Pasifiki ya kaskazini, si kwatzi iliyoiva kwenye mwamba wa moto. Mvua ilikuwa inaishusha kutoka hewani, ndo maana palipo na mvua nyingi kwatzi ilikuwa nyingi. Hapo hukuhitaji hata maktaba kubwa ya udongo, yaani sampuli za kulinganisha kutoka kila mahali, mgeni alijulikana kwa sababu mwenye nyumba hana sura ile kabisa.

Nimesema maktaba. Hilo ndo tatizo lenyewe na nitakuonyesha kwa kisa cha zamani. Januari 1832 meli ya Beagle ilipofika visiwa vya Cape Verde, Charles Darwin alikusanya vumbi la kahawia lililokuwa linaanguka juu ya meli, akalipeleka kwa profesa Ehrenberg wa Berlin ambaye alikuwa bingwa wa hadubini. Ehrenberg akahesabu maumbo 67 tofauti ya viumbe vidogo ndani ya lile vumbi na mengine ya aina hiyo, karibu yote ya maji baridi, mawili tu ya baharini. Halafu akasema: mimi najua aina nyingi za Afrika, humu sioni hata moja, ila naona mbili ninazozijua za Amerika ya Kusini peke yake. Ukimfuata huyo unasema vumbi limetoka Amerika. Darwin akaangalia upepo ulivyokuwa unavuma, akaangalia ni miezi gani vumbi linaanguka, akasema hapana, hili ni la Afrika. Na alikuwa sahihi. Ehrenberg hakukosea kuhesabu, alichokuwa hana ni sampuli za kutosha za mahali lilikotoka. Leo tunajua Sahara imejaa vitanda vya maziwa yaliyokauka, kwa mfano bonde la Bodélé kule Chad, kitanda cha ziwa Chad la kale, ambapo upepo unabanwa katikati ya milima ya Tibesti na Ennedi unatoka kwa kasi na kuchimba tabaka nyeupe la magamba ya diatomu, viumbe vya maji baridi hao. Ukiweka vumbi la huko chini ya hadubini ya elektroni unaona vipande vyenye matundu yaliyopangwa mistari kama kichujio, huwezi kuvisahau.

Hilo Bodélé lenyewe mpaka leo watu wanagombana nalo. Kuna hesabu ya setilaiti ya 2007 hadi 2013 inayosema karibu tani milioni 28 za vumbi la Sahara zinaanguka bonde la Amazon kila mwaka zikibeba fosforasi kama tani 22,000, na kwenye magazeti ikawa Bodélé ndo inalisha Amazon. Wenye isotopu wakija wanapata vumbi linalovuka Atlantiki mara nyingi ni mchanganyiko, na maeneo ya magharibi zaidi, upande wa Mali na Mauritania, nayo yamo sana. Na mchanganyiko ni balaa: ukichanganya rangi ya bluu na njano unapata kijani, atakayekuja baadaye atatafuta kopo la kijani ambalo halipo. Vyanzo viwili vikichanganyika vinaweza kutoa namba inayofanana na chanzo cha tatu kisichohusika hata kidogo. Dawa yake ni kupima alama nyingi kwa pamoja, strontiamu, neodimiamu, risasi, metali adimu, madini, halafu programu ya takwimu ikupe makadirio, chanzo A asilimia kati ya hizi na hizi. Mtu akikupa asilimia moja kavu bila "kati ya" muulize maswali.

Nikupe na kisa kimoja cha karibuni maana kinaonyesha jinsi swali linavyogawanyika. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki Reggane, Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Machi 2022 vumbi la Sahara likafunika sehemu kubwa ya Ulaya magharibi, lina sisiamu-137 ndani, kitu chenye mionzi kinachoachwa na mabomu ya atomiki, watu wakasema bomu la Ufaransa limerudi nyumbani. Watafiti wakaomba wananchi wawatumie vumbi walilofuta kwenye magari na madirisha, kama hilo lako tu, wakapima isotopu za plutoniamu. Mabomu ya Ufaransa yaliyolipuliwa kule jangwani yana uwiano mdogo wa plutoniamu-240 kwa 239. Kilichopatikana kilikuwa karibu na 0.18, ambao ni uwiano wa mabaki yaliyosambaa dunia nzima kutokana hasa na majaribio makubwa ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Majibu yalichapishwa 2025. Yaani vumbi ni la Sahara kweli, hewa ilipita ukanda uleule kweli, ila mionzi iliyomo ni ya mtu mwingine. Udongo una chanzo chake na uchafu uliomo kwenye udongo una chanzo chake, ukivipima kwa pamoja bila kuvitenganisha utamlaumu asiyehusika.

Na uchafu hauji na upepo peke yake. Nilipokuwa naanza kazi hii nilikusanya vumbi juu ya bati la paa, nikalipima kwa furaha zote, nikakuta zinki imepanda ajabu. Nikakaa wiki kadhaa nachora ramani za migodi ya zinki. Siku moja mwenzangu akaniuliza bati lenyewe limepakwa nini. Limepakwa zinki! Nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi kila nikikusanya naweka chombo kingine kitupu pembeni siku ambayo hakuna vumbi, nione chombo chenyewe na mahali penyewe vinachangia nini. Kwahiyo la kwako, kama fremu ya dirisha imepakwa rangi inayobanduka, au dirisha linatazama barabara, basi risasi, zinki, shaba, antimoni za breki na matairi usiziamini kabisa, tutaangalia zile za udongo tu.

Kemia pia haitembei peke yake. Kabla hata ya kufungua kikopo ningechukua tarehe na saa vumbi lilipoanza, nikarudisha hewa nyuma kwenye kompyuta siku tatu hadi tano, kuna modeli za bure kama HYSPLIT zinafanya hivo, halafu nikaangalia picha za setilaiti kama kweli kuna sehemu kwenye njia hiyo ilikuwa inatoa vumbi siku hizo. Hiyo inapunguza washukiwa kutoka kumi hadi watatu bila kupima chochote. Hewa inakwambia nani alikuwa na nafasi ya kufanya kosa, kemia inakwambia viatu vya nani vinafanana na nyayo. Ukiwa na kimoja tu bado una mashaka mengi.

Sasa la kwako, maana najua isotopu za strontiamu hutazipima jikoni. Kuna mambo unaweza kufanya leo na yatakusaidia kwenye ubishi wa shemeji. Chukua nusu kijiko cha chai tu, lililobaki usiliguse, tia kwenye glasi ndefu ya maji yenye kina cha sentimita 10, weka na tone la sabuni ya vyombo ili madonge yaachane, koroga vizuri dakika moja, acha, washa saa. Kitakachofika chini ndani ya nusu dakika ni chembe za zaidi ya maikromita 60 hivi, mchanga huo. Vumbi lililosafiri mbali kwa kawaida halina hizo, zilishadondoka njiani. Baada ya dakika tano, vitakavyokuwa bado vinaelea ni vya chini ya maikromita 20, hao ndo wasafiri. Kama maji bado ni mekundu mazito na chini hakuna cha maana, shemeji ana kazi. Kama chini kuna tabaka la mchanga na juu maji yanaanza kusafika, una kazi wewe. Sisemi ni sheria ya moja kwa moja, kuna chembe za Sahara za maikromita 450 zimewahi kunaswa katikati ya Atlantiki zaidi ya kilomita 2,000 kutoka pwani na watu bado wanakuna vichwa zilifikaje, lakini hizo ni chache, haziwezi kuwa tabaka zima kwenye glasi yako.

Kingine ni siki. Dondoshea tone kwenye chembe kidogo ya vumbi kavu, kama inachemka na kutoa mapovu kuna chokaa. Sumaku nayo jaribu, ila ifunge kwanza kwenye nailoni ili chembe zisigande kwenye sumaku yenyewe, na ukinasa kitu usikimbilie kusema ni madini ya jangwani, vyuma vya breki za magari vinanasa pia.

Na kabla hujafikia uamuzi wowote, mwambie shemeji alete udongo wa lile shamba lake, wa juujuu tu, sentimita moja ya kwanza, kijiko kimoja kutoka kona tano tofauti zichanganywe, umekaushwa kivulini na kuchekechwa kwa kitambaa laini kabisa. Weka kwenye glasi ya pili, maji kina kilekile, sabuni tone moja, siki vilevile, kando ya ya kwanza. Lile vumbi ulilobakiza litie kwenye chupa ya kioo safi yenye kifuniko cha plastiki, uandike juu tarehe, saa, dirisha linatazama upande gani, na lilifutwa kwa kitu gani. Na wa shamba nao tunza hivohivo, maana siku ukipata maabara ya kukupimia neodimiamu, swali la kwanza watakalokuuliza ni udongo wa kulinganisha uko wapi.